Homa inayorudi: tutafute vijidudu au tuulize ukoo?

Mtoto wa Majengo, Moshi, au wa Ngaramtoni kule Arusha akipandisha homa, njia yake inajulikana: zahanati, kipimo cha malaria, kisha anaambiwa ni UTI au taifodi na kupewa antibiotiki. Siku ya tatu homa imeshuka na dawa imepata sifa. Mwezi ukigeuka homa imerudi, tumbo lile lile, dawa ile ile. Je, irudi mara ngapi ndipo tuanze kuuliza kuhusu ukoo wake?

Yapo magonjwa ya kurithi ambayo kinga ya mwili huwaka yenyewe bila kijidudu chochote. Linalofahamika zaidi ni homa ya Mediterania ya kifamilia, inayowapata zaidi Waturuki, Waarmenia, Waarabu na Wayahudi. Kwa kawaida mtoto hulirithi kwa baba na mama kwa pamoja, kama ilivyo kwa selimundu, na wazazi wenyewe huweza kuwa wazima kabisa. Jeni yake, MEFV, ilitambuliwa mwaka 1997. Shambulio huja na homa kali, maumivu makali ya tumbo au kifua, pengine kifundo cha mguu kuvimba, na hudumu kati ya saa 12 na siku 3. Kwa kuwa huisha bila msaada, dawa yoyote aliyomeza mgonjwa siku ya kwanza itaonekana imemponya. Wapo hata waliopasuliwa na kutolewa kidole tumbo kisicho na kasoro. Ugonjwa mwingine wa aina hii, uitwao TRAPS kwa kifupi, ulielezwa mwaka 1982 katika familia yenye asili ya Ireland. Huu hurithiwa kwa mzazi mmoja tu, mashambulizi yake mara nyingi huvuka wiki, na umeonekana kwa watu wa asili nyingi.

Anayesema tuanze na vijidudu ana hoja nzito, na kwa mikoa yetu ni nzito zaidi. Mwaka 2007 hadi 2008 watafiti waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, mjini Moshi. Zaidi ya asilimia 60 walidhaniwa wana malaria. Waliokuwa nayo kweli ni asilimia 1.6. Zaidi ya robo ya waliochunguzwa magonjwa ya bakteria yatokayo kwa wanyama walikutwa nayo, brusela ikiwemo. Na brusela ni homa inayoweza kupanda na kushuka kwa wiki nyingi. Tena huweza kuwapata watu kadhaa wa nyumba moja, maana wanakunywa maziwa mabichi ya ng'ombe mmoja. Kwa hiyo ndugu watatu kuugua homa inayofanana si ushahidi wa urithi. Homa ya papasi nayo huondoka na kurudi. Kifua kikuu cha tumbo kinaweza kumdanganya hata daktari mzoefu, na mtu mwenye TB iliyojificha akipewa dawa za kuzima kinga kwa kudhaniwa ana ugonjwa wa kurithi, tumemwamshia maradhi.

Lakini utafiti huo huo una upande wa pili: unaonyesha jinsi tunavyotaja ugonjwa bila ushahidi. Kijidudu kitafutwe kwanza, sina ubishi. Kitafutwe kwa vipimo, si kwa mazoea, na kuwe na kikomo. Homa ikija mara tatu kwa sura ile ile, mtoto akiwa mzima katikati, na hakuna kipimo kilichokamata kitu, kuendelea kumwandikia antibiotiki ni kumtelekeza.

Nasema hivyo kwa sababu ya figo. Homa ya Mediterania isipotibiwa, protini iitwayo amiloidi huweza kujikusanya kwenye figo hadi zikashindwa kazi. Kolchisini, dawa ya zamani ya jongo, imejulikana tangu 1972 kuwa huzuia mashambulizi ikinywewa kila siku, na hulinda figo pia. Ukosefu wa kipimo cha jeni usitufunge mikono: wapo wagonjwa wenye dalili zote ambao jeni zao hazionyeshi hitilafu mbili, moja ya kila mzazi, hivyo daktari bingwa huamua kwa dalili na kwa jinsi mwili unavyoitikia dawa. Bingwa, nasisitiza. Kolchisini ikizidi ni sumu, na ikichanganywa na antibiotiki iitwayo klarithromaisini inaweza kuua. Si dawa ya kujinunulia dukani.

Kinachowezekana tangu zahanati ni kupima CRP au ESR, vipimo vya damu vinavyoonyesha kama kinga ya mwili imewaka, wakati wa homa, kurudia mtoto akiwa mzima, na kupima protini kwenye mkojo. Mahali ambapo CRP haipatikani, kipimo cha mkojo kisikosekane. Mengine yako kwa mzazi. Leo anatibiwa zahanati ya mtaa, mwezi ujao kituo cha afya, baadaye hospitali ya binafsi, na kila mmoja anaona homa moja tu. Mzazi peke yake ndiye aliyeziona zote. Aandike tarehe, siku ngapi, wapi paliuma, alipewa nini. Awaulize pia bibi na babu wa pande zote mbili: nani katika ukoo aliugua homa kama hizi tangu utotoni, na nani alifariki kwa figo.