Toa siku ambayo hakuna anayetoa

Desemba ikifika, makao ya watoto ya Kampala hupokea soda, keki na biskuti kupita uwezo wa watoto kula. Idd el-Hajj nayo, nyama hugawiwa mtaa mzima kabla ya adhuhuri, na katika nyumba isiyo na friji sehemu yake huwa imeharibika kesho yake. Kisha inakuja Februari. Shule zimefunguliwa, visima vimepungua maji, na wale waliobeba masufuria Desemba hawaonekani. Wazee walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri, na kwa moyo Uganda haijambo. Kasoro yetu ni kalenda. Tunatoa siku tunapojisikia, ilhali uhitaji una msimu wake, na msimu huo mtu anaweza kuujua mapema kabisa.

Chukua damu. Benki ya Damu ya Nakasero na zile za mikoani, kama Mbale, Gulu, Arua, Mbarara, Fort Portal na Kitovu kule Masaka, hutegemea sana wanafunzi wa sekondari. Timu inafika shuleni, inapanga vitanda ukumbini, na kwa asubuhi moja inaondoka na chupa nyingi. Shule zikifungwa, chanzo hicho kinakauka. Sasa tazama likizo ndefu, ile inayoanza Desemba na kuishia mwanzoni mwa Februari. Malaria hupanda baada ya mvua, kwa hiyo wodi za watoto hujaa wagonjwa waliopungukiwa damu wakati ambapo wachangiaji wako kijijini wanavuna. Wala huwezi kuweka akiba tangu Oktoba: damu nzima hukaa siku 35 tu kwenye jokofu la nyuzi 2 hadi 6, na chembe sahani, zile za kugandisha damu, siku 5. Mtoto wa kilo 10 aliyeishiwa damu kwa malaria huhitaji kama mililita 200 hadi 300. Ndiyo maana chupa moja ya tarehe 27 Desemba naiona bora kuliko mbili za Septemba.

Hesabu ya kufika hapo ni rahisi. Mwanamume hurudi kuchangia baada ya miezi 3, mwanamke baada ya miezi 4. Mwanamume akitoa katikati ya Septemba na mwanamke akitoa katikati ya Agosti, wote wawili watakuwa huru kabla ya Krismasi. Ukijitokeza kwenye kampeni ya ofisini mwezi wa Novemba, umejifungia mlango mpaka Februari au Machi. Umri ni kuanzia miaka 17, uzito usiwe chini ya kilo 45.

Siku yenyewe, kula kwanza. Wengi wanaozimia hawazimii kwa sababu ya damu iliyotoka, bali kwa kukosa chai ya asubuhi na kuinuka haraka kitandani. Kunywa nusu lita ya maji nusu saa kabla. Utajaza fomu ya maswali, kisha utachomwa kidole na tone la damu kudondoshwa kwenye maji ya buluu. Tone likizama haraka, damu yako ina nguvu ya kutosha. Likielea, utaambiwa urudi siku nyingine, na hapo usibishane na muuguzi. Aliyetoka kutibiwa malaria juzi, mjamzito na anayenyonyesha nao wasubiri. Kutoa huchukua kama dakika 10. Baada ya hapo kaa robo saa na soda yako, na jioni hiyo jerikeni ibebwe na mkono wa pili.

Kuna wanaokwenda kuchangia ili wapimwe Ukimwi bure. Ni kweli damu hupimwa virusi vya Ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Lakini maambukizi ya siku chache zilizopita yanaweza kukwepa kipimo, na damu hiyo ikaishia kwa mtoto. Anayetaka kupima aende kituo cha afya, ni bure pia. Na damu haiuzwi: anayekudai pesa wodini ili mgonjwa wako apewe damu anakuibia, mripoti kwa uongozi wa hospitali.

Jambo la pili ni uji wa shule, na hapa nitakaa kidogo kwa sababu ndipo pesa nyingi za wema hupotelea. Elimu ya msingi ya bure, UPE, ilianza 1997, lakini Sheria ya Elimu ya 2008 inamwachia mzazi jukumu la chakula. Mzazi asipokuwa nacho, mtoto anashinda njaa hadi jioni. Msamaria mwema akitokea, huleta magunia ya unga wa namba moja siku ya kufungua muhula, anapiga picha na walimu, basi. Wiki ya sita unga umekwisha, au umeingia wadudu.

Kikombe cha uji cha mililita 400 kinataka gramu 50 hadi 60 za unga. Watoto 100 ni kilo 5 au 6 kwa siku, na sukari kilo moja hadi moja na nusu. Muhula wa wiki 12 una siku 60 za masomo, yaani kilo 300 hadi 360 za unga. Watu kumi wa kikundi kimoja cha kuweka akiba wanaweza kubeba mzigo huo, ila wasinunue unga. Wanunue mahindi, na wayanunue Julai na Agosti au Januari, mavuno yanapoingia sokoni na bei kushuka. Anayesubiri Aprili ananunua wakati ghala za vijijini zimebaki tupu.

Mahindi hayo yawe makavu. Kipimo cha sheria ni unyevu usiozidi asilimia 13.5, na kama huna mashine, tumia chumvi. Mimina mahindi kwenye chupa kavu ya kioo hadi theluthi moja, tia kijiko kikubwa cha chumvi iliyokauka vizuri, funga, tikisa dakika moja na nusu, kisha iache ikae robo saa. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado mabichi; yarudi juani, juu ya turubai na si juu ya udongo. Mahindi mabichi huota ukungu, na sumukuvu inayotokana na ukungu haiondoki kwa kuchemsha uji hata saa tatu. Gunia likae juu ya mbao, mbali na ukuta, lisiguse sakafu.

Kinuni, omba dona. Kilo 100 za mahindi zikikobolewa kutoa namba moja hubaki kilo 60 hadi 65, na pumba zinaliwa na nguruwe wa mtu. Dona inakurudishia zaidi ya kilo 90, pamoja na kiini chenye lishe. Shida yake ni kwamba kiini hicho kina mafuta, hivyo dona huchacha upesi. Saga ya wiki mbili tatu tu, mahindi mengine yabaki punje.

Halafu kuni. Hakuna anayezikumbuka. Sufuria ya lita 60 juu ya mafiga matatu hula kuni bila huruma, na mpishi naye anataka malipo. Unga usio na kuni wala mpishi ni mzigo tu kwa mwalimu mkuu, naye ataishia kuwatuma watoto kuokota kuni saa za masomo. Jiko la matofali lililofunikwa, lenye bomba la moshi, ni zawadi nzuri kuliko gunia la tatu. Wazazi nao wachange kitu, hata mzigo mmoja wa kuni kwa muhula. Mpango unaobebwa na wafadhili peke yao hufa siku mmoja wao anapohamia mji mwingine.

Kwenye msiba tuko vizuri, kwa siku tatu. Buganda ina vikundi vya munno mukabi, vya majirani wa kusaidiana, vyenye turubai, masufuria na orodha ya nani analeta matooke, na mabugo, yaani pesa za rambirambi, hukusanywa bila mtu kuombwa mara mbili. Kule Kigezi vikundi vya engozi vimebeba wagonjwa mlimani kwa machela miaka mingi, na vikazika pia. Lakini turubai likishakunjwa, mjane anabaki na makaratasi: barua ya mwenyekiti wa LC1, baraza la kijiji, cheti cha kifo kutoka NIRA, mamlaka ya usajili na vitambulisho, kikao cha ukoo, ofisi ya Msimamizi Mkuu wa Mirathi kwa barua ya kutokuwa na pingamizi, kisha mahakama. Bila hayo akaunti ya marehemu haifunguki, na kiwanja kinakuwa mali ya shemeji mwenye sauti kubwa.

Anayejua kusoma fomu na ana siku moja ya wiki amsindikize. Kabla ya kutoka, linganisha majina kwenye kitambulisho cha taifa, cheti cha ndoa na hati ya kiwanja. Herufi moja ikitofautiana, mama atarudishwa na nauli yake imekwenda. Toa nakala tatu za kila karatasi. Nakala halisi zikae mkononi mwake, zisilale nyumbani kwako hata usiku mmoja, na usitie sahihi kwa niaba yake. Wiki ya nne baada ya mazishi ndio wakati mzuri wa kubisha hodi, ukianza na: "Mama, pole tena. Makaratasi yamefika wapi?"

Wewe unayesoma Kiswahili bila taabu una kitu kingine ambacho ni adimu hapa. Kambi za wakimbizi za Nakivale, Kyaka II, Rwamwanja na Kyangwali zimejaa Wakongo, na Kampala nako wapo wengi, Katwe na Nsambya. Muuguzi anazungumza Luganda, Runyankole au Kiingereza; mama aliyetoka Uvira ana Kiswahili na Kifaransa kidogo. Katikati anawekwa mtoto wake wa miaka 9 kutafsiri habari za kutokwa damu. Hilo lisifanyike. Nenda kwa msimamizi wa kituo cha afya, ueleze lugha zako, na mkubaliane asubuhi moja isiyobadilika, tuseme kila Jumanne, ili wagonjwa wasio wa dharura wapangwe siku hiyo. Anayekuja akijisikia hawezi kupangiwa mtu.

Tafsiri yote iliyosemwa, usiongeze ushauri wako. Tarehe na namba Wakongo wengi huzitaja kwa Kifaransa, kwa hiyo andika tarakimu kwenye karatasi na umwonyeshe. Saa nazo huchanganya: akisema saa mbili, uliza jua liko wapi. Mwisho, mwombe mgonjwa arudie kwa maneno yake atakunywa vidonge vingapi na lini. Akisema tu "ndiyo, nimeelewa", hajaelewa. Na ulichosikia kiwe kama hukukisikia, hata ukikutana na mumewe sokoni.

Wodi ya wazazi ni habari fupi. Mama hutakiwa aje na vifaa vyake: glavu, pamba, gozi, wembe mpya, uzi wa kufungia kitovu, sabuni na karatasi ya plastiki ya kutandika. Wapo wanaochelewa kuondoka nyumbani kwa aibu ya kutokuwa navyo. Nunua furushi kamili lililofungwa, angalia tarehe ya mwisho wa matumizi, umkabidhi mkunga mkuu na akuandikie daftarini. Nepi na kofia za sufi zinapendeza, lakini hakuna mama aliyechelewa kituoni kwa kukosa kofia.

Kisima cha pampu ya mkono huharibika kiangazi, foleni inapokuwa ndefu na mpini haupumziki. Wananchi huanza kuchanga siku hiyo, na wanakaa wiki mbili wakichota bwawani. Ninavyoona, kazi ya kujitolea yenye faida hapa ni utunzaji wa daftari: mchango mdogo wa kila nyumba kila mwezi, mtu mmoja ashike pesa na mwingine ashike kitabu. Na sikiliza pampu. Ukipiga mpini mara nyingi asubuhi kabla maji hayajatoka, vali ya chini inavuja au bomba limetoboka. Maji yakitoka haraka lakini kidogo, raba za pistoni zimeisha. Yakiwa mekundu, mabomba ya chuma yanaliwa na kutu. Ukimwambia fundi dalili hizo kwa simu, atakuja na kipuri sahihi mara ya kwanza. Mnyororo upakwe grisi, mfereji wa maji machafu uzibuliwe. Bulungi bwansi, kazi ya pamoja ya tarehe 8 Oktoba, huzibua mitaro mingi ya Buganda kwa siku moja, lakini Machi mvua zinakuta imejaa tena plastiki.

Kuhusu makao ya watoto niliyoyataja mwanzo: watoto wengi humo wana mzazi au ndugu aliye hai, na kilichowatenga ni umaskini. Kabla ya kupeleka chochote, muulize afisa ustawi wa jamii wa wilaya kama makao hayo yana kibali, na kama kuna bibi au shangazi ambaye angemchukua mtoto akisaidiwa ada na godoro. Pesa ya sherehe moja ya Desemba inaweza kumweka mtoto kwa bibi yake muhula mzima.

Ukituma pesa kwa simu, ongeza gharama za kutoa na ile kodi ya serikali ya asilimia 0.5 ya kutoa pesa; ukituma shilingi 50,000 kamili, anayepokea hapati 50,000. Ada ni afadhali ilipwe moja kwa moja kwa namba ya malipo ya mwanafunzi, si kwa mjomba, na ilipwe wiki mbili kabla ya kufungua, maana anayerudishwa nyumbani siku ya kwanza hukosa pia kitanda cha bwenini. Risiti mpelekee anayemlea mtoto.