Roketi nyepesi ya Mun husukwa kuanzia juu

Wachezaji wa Kerbal Space Program, mchezo wa kompyuta wa kuunda roketi, wakishindana kuunda roketi nyepesi kupita zote ya kwenda Mun, mwezi wa sayari ya kubuni Kerbin, na kurudi, wengi huanzia chini. Wanabadilisha injini za kurukia, wanachezea mapezi, wanapunguza mafuta kidogo kidogo. Kwa maoni yangu wanahangaika pasipostahili. Roketi ya namna hii husukwa kuanzia kile kitakachorudi nyumbani. Kilichobaki ni mzigo wa kukihudumia.

Hesabu zenyewe hizi hapa. Kufika obiti ya Kerbin kunahitaji kubadili kasi kwa takriban mita 3,400 kwa sekunde, kuelekea Mun 860, kuingia obiti yake 310, kutua 580, kupaa tena 580, na kurudi kama 300. Jumla inakaribia 6,000. Ziingize kwenye mlinganyo wa roketi, unaohusisha kasi na uzito wa mafuta, alioutoa mwanasayansi Mrusi Tsiolkovsky mwaka 1903, na kwa injini za kawaida za mchezo utaona kwamba kila kilo inayofika mwisho wa safari inadai zaidi ya kilo 7 pale uwanja wa kurushia, hata kama matangi na injini zisingekuwa na uzito wowote. Nazo zina uzito: tangi tupu ni sehemu moja ya tisa ya tangi lililojaa.

Kwa hiyo chunguza injini ya juu kabla ya kugusa ya chini. Injini ya mchezo iitwayo Terrier inasifiwa sana, na kweli hutumia mafuta kwa ubahili kuliko injini ndogo iitwayo Ant. Lakini Terrier ina kilo 500, na Ant kilo 20. Msukumo wa Ant ni kilonyutoni 2 tu, jambo la kuchekesha ukiwa Kerbin, ila mvutano wa Mun ni mdogo kiasi kwamba injini hiyo inaweza kuinua zaidi ya tani moja. Kukitundikia Terrier chombo cha kilo 300 ni sawa na kumbebesha mtoto jeneza la babu yake.

Sasa nije kwenye jambo linaloleta ubishi. Wengi huamini kwamba njia nyepesi lazima iwe ile ya Apollo, mpango wa Marekani uliofikisha watu Mwezini, yaani kuacha mafuta ya kurudia kwenye obiti ya Mwezi, kushuka na chombo kidogo, kisha kukutana tena huko juu. Mhandisi John Houbolt aliipigania hoja hiyo ndani ya NASA, shirika la anga la Marekani, hadi akawaruka wakubwa wake na kumwandikia barua Robert Seamans, mmoja wa viongozi wa juu wa shirika hilo, mwaka 1961, na mwaka uliofuata ikakubaliwa. Alikuwa sahihi, kwa sababu chombo kilichoachwa juu kilikuwa kizito mno. Kwenye roketi yetu ndogo mambo yanageuka. Tuseme mwanaanga, kiti cha wazi (kisicho na chumba cha kumfunika), Ant na tangi vina kilo 180. Mafuta ya kurudi Kerbin kutoka obiti ya Mun ni kama kilo 18. Kuyashusha hadi chini na kuyapandisha tena kunakugharimu takriban kilo 9 za ziada. Kuyaacha juu kunakudai injini ya pili na kiti cha pili, yaani kilo 70 papo hapo, hata kama mwanaanga atahama kwa kuelea na hutahitaji kifaa cha kuunganishia vyombo. Hapo sioni la kubishania.

Kutua nako kuna siri yake: chelewesha kuwasha injini. Kila sekunde unayoelea juu ya Mun inakula mita 1.6 kwa sekunde za mafuta yako bila kukusogeza popote.

Wapo wanaosema kiti cha wazi ni udanganyifu. Siafiki. Wahandisi wa chombo cha kutua cha Apollo waliondoa viti kabisa ili kupunguza uzito, na wanaanga wakatua Mwezini wakiwa wamesimama. Ikiwa hilo liliruhusiwa kwa watu wenye roho zao, mwanaanga wa kijani wa kuchorwa anaweza kuketi nje. Mimi ningeweka sharti moja tu: arudi hai. Chombo kikiungua chote kwenye angahewa ya Kerbin naye akashuka kwa parachuti yake mwenyewe, nahesabu amefika.