Amejitakia, kwa hiyo tumuache?

Juzi kwenye grupu la mtaa ulipita mchango. Kijana wa bodaboda wa kijiwe cha hapa kwetu ameanguka usiku, paja limevunjika, anatakiwa awekewe chuma. Picha ikatumwa: mguu umefungwa kamba na kuning'inizwa mzigo wa kuuvuta, mama yake kakaa ukingoni mwa kitanda, chupa ya chai mapajani. Kabla mtu hajatuma hata buku mbili, jirani mmoja akaandika: "Alivaa helmeti? Hakuwa amelewa? Kajitakia huyo. Hata serikali isiwatibu watu hawa kwa kodi zetu." Vidole gumba vikamiminika.

Kodi zetu! Haya, tuanzie hapo. Kila lita ya petroli anayomimina yule kijana ina tozo ndani yake. Hiyo bia anayotuhumiwa kunywa imeshakatwa ushuru kabla hajaifungua. Jirani yangu ni mtumishi wa umma, kadi yake ya NHIF, Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya, inalipiwa asilimia 6 ya mshahara, nusu anakatwa yeye na nusu anatoa mwajiri. Na mwajiri wake ni nani? Serikali. Kwa hiyo huyo bodaboda anamchangia bima bwana mkubwa, na wala hajawahi kuandika grupuni kwamba kachoka.

Na bwana mkubwa anatibiwa nini? Presha na sukari. Mtu wa nyama choma kila Ijumaa, soda baridi juu yake, na tangu anunue gari hata dukani haendi kwa miguu. Sijawahi kusikia dirisha la bima limemuuliza alikula nini. Ukivunjika mfupa umejitakia, ukiziba mshipa wa moyo ni mipango ya Mungu.

Lakini kinachonitisha zaidi ni hili: hayo maswali atauliza nani? Niliwahi kumsindikiza shangazi yangu ofisi ya ustawi wa jamii katika hospitali moja ya serikali, kuomba msamaha wa matibabu. Barua ya mtendaji anayo, ina muhuri. Bado akaulizwa watoto wangapi, wanafanya kazi gani, mbona wa kwanza yuko mjini na hatumi hela, na hiyo simu ya tachi kainunua kwa pesa gani. Simu ilikuwa yangu, nimempa ashike. Mwanamke mzima anajieleza kuhusu umaskini wake mbele ya benchi zima la watu. Sasa ongeza fomu ya pili: thibitisha kuwa ugonjwa wako hukuutafuta. Nani atasema ukweli? Muuguzi wa zamu ya usiku, peke yake na wodi nzima, aache kuzuia damu atafute harufu ya konyagi?

Tena haya si ya kukisia. Mabinti waliotoa mimba vichochoroni wanafika hospitali wameshaoza, kwa sababu wanaogopa swali kuliko homa. Anadanganya kaanguka, daktari anatibu uongo, na binti anakufa. Na dawa za ARV, za kufubaza virusi vya UKIMWI, zilipoanza kutolewa bure 2004, hebu fikiria tungesimama mlangoni tunauliza kila mmoja kaupataje. Wangapi tunaokula nao pilau ya Idi na Krismasi wasingekuwepo leo? Hatukuuliza. Ni katika mambo machache tuliyoyafanya kiungwana kabisa nchi hii.

Sawa, nakubali kwa shingo upande: bodaboda anayetundika helmeti kwenye kioo ananikera na mimi. Kitanda anachokilalia wiki nzima kuna mwingine anakisubiri sakafuni. Anayetaka kumtoza, amtoze barabarani na dukani, kabla hajaumia. Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote ya 2023 imeshataja ushuru wa soda, pombe na vipodozi, pamoja na michezo ya kubahatisha, miongoni mwa vyanzo vya kuwagharamia wasio na uwezo. Hapo sina ugomvi. Mlevi alipie kaunta, akifika mapokezi atibiwe.

Wajibu binafsi upo, ila tunautafuta kwa mtu asiyestahili. Mnaikumbuka Toto Afya Kadi, ile bima ya watoto ya NHIF? Shilingi 50,400 kwa mwaka, mtoto anatibiwa. Tulifanya nini? Mtoto mzima wa afya, tunasema pesa itaenda bure. Siku daktari akitamka upasuaji, mzazi huyo mbio kwenye ofisi za NHIF na picha ndogo mkononi. Mfuko wowote unaoingiwa na wagonjwa watupu utakufa, na 2023 kadi ikasitishwa, tukaelekezwa kusajili watoto kupitia shule. Waliotufikisha pale hawakuwa walevi wala bodaboda. Walikuwa watu wa maana, wenye mishahara na ada za shule za kiingereza, waliokwepa kulipa wakiwa wazima. Hao hakuna aliyewaita wazembe, na adhabu ikamwangukia mtoto wa miaka mitatu ambaye hana hata shule ya kusajiliwa. Naye alijitakia?