Ndege Haianguki, Sikio Ndilo Linalokudanganya

Ndege ikishaiacha ardhi, haipiti hata dakika moja au mbili kabla mngurumo wa injini haujapungua ghafla. Kiti kilichokuwa kikikusukuma mgongoni kinalegea, tumbo linapanda kifuani, na mwili mzima unakwambia tunaanguka.

Safari yangu ya kwanza nilishika mikono ya kiti mpaka vidole vikauma. Mama aliyekaa kando yangu alifumba macho akaanza kuomba. Na muda wote huo ndege ilikuwa inapanda! Hakuna aliyetuambia.

Wakati wa kuruka, marubani hutumia nguvu nyingi za injini. Wakifika kama mita 300 hadi 450 juu ya uwanja huzipunguza, ili injini zisichakae upesi na kelele zisiwasumbue wanaoishi chini. Pua ya ndege nayo hushushwa kidogo ili ishike kasi. Ndege bado inapaa, ila si kwa mwinuko ule wa mwanzo, na kwa sekunde chache unajihisi mwepesi.

Hapo ndipo sikio linapoongeza chumvi. Ndani kabisa ya sikio kuna chembechembe za chokaa zilizokaa juu ya utando laini wenye vinywele. Ukiinamisha kichwa nyuma, zinasogea nyuma. Ukisukumwa mbele kwa kasi, zinasogea nyuma vilevile, na ubongo hauwezi kutofautisha. Kwa hiyo ndege inapokimbia unahisi pua imeinuka kuliko ilivyo, na msukumo ukipungua unahisi inadidimia. Kwa kawaida macho ndiyo huamua ugomvi huu, lakini ndani ya ndege macho yanaona mgongo wa kiti cha mbele tu. Rubani mzoefu naye ana sikio hilohilo, ndiyo maana hufundishwa kuamini vipimo vilivyo mbele yake kuliko mwili wake. Jambo hilo hunituliza kuliko maneno yote ya faraja.

Masikio kuziba na tumbo kujaa ni habari nyingine, na ni nyepesi zaidi. Hewa ndani ya ndege hupunguzwa mgandamizo hadi kufanana na ya mlima wa mita 1,800 hadi 2,400, hivyo gesi iliyo tumboni hutanuka kwa robo hadi theluthi. Meza mate, piga miayo, legeza mkanda wa suruali (si ule wa kiti).

Ninachodai ni kidogo. Kabla ya kila safari tunaonyeshwa namna ya kufunga mkanda na kuvaa boya, mambo ambayo wengi wetu hatutayahitaji kamwe kwa dharura. Ila hisia itakayomfikia karibu kila abiria muda mfupi baadaye haitajwi. Nusu dakika ingetosha, na watu wanaotetemeka kimya kwenye viti vyao wanastahili hiyo nusu dakika.

Nimewahi kumsikia rubani mmoja tu akifanya hivyo. Alisema, "Ndugu abiria, punde baada ya kuruka mtasikia injini zikipunguza sauti, na mtahisi kama tunashuka. Hatushuki." Hisia ilipokuja nilikuwa naisubiri. Dada wa upande wa pili alimgeukia mwanawe akamwambia, "Ndiyo hiyo aliyoisema," na mtoto akarudi kuchungulia mawingu dirishani.