Watu 43, Macho 86

Waulize wapiga picha kazi wanayoikimbia, kila mmoja atakutajia adui wake. Huyu atasema watoto wachanga, yule paka, mwingine vyombo vinavyong'aa, kwa kuwa ukipiga birika la chuma unajikuta wewe na kamera yako mmekaa tumboni mwake. Mimi na birika hatuna ugomvi. Birika halipepesi macho. Adui yangu ni picha ya ukoo.

Siku hiyo walikuwa 43. Niliwapanga safu nne: watoto chini, wazee vitini, vijana wima nyuma yao, na warefu juu ya mabenchi. (Kwa nini warefu ndio hukimbilia mabenchi, sijui.) Niliwaweka kwenye kivuli cha jengo, maana aliyepigwa na jua usoni, hata umchekeshe vipi, hubaki kama anadai deni. Lenzi ilikuwa ya milimita 35, nami nilisimama mita 8 kutoka safu ya mbele. Ningeweza kusogea karibu kwa lenzi ya milimita 24, inayoona pana zaidi, lakini lenzi pana hunenepesha kila aliye ukingoni mwa fremu, na ukingoni alikaa shangazi yao mkubwa, ambaye ndiye mlipaji. Nikabaki na 35. Apacha, yaani tundu la kupitisha mwanga, f/8 ili safu zote zitoke kali; shata, yaani muda wa tundu kubaki wazi, sekunde 1/160; ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, 400.

Kamera niliifunga juu ya tripodi iliyorefushwa mpaka mwisho, nikapanda ngazi ya kukunja kando yake. Ukipiga kutoka juu, nyuso za nyuma hazizibwi, na videvu vinainuka, hata vile viwili vinageuka kimoja. Tripodi nayo ni bima: picha zote zikitoka sehemu moja, aliyefumba macho kwenye picha ya 5 unamwazima kichwa chake cha picha ya 9 baadaye kwenye kompyuta.

Na wapo watakaofumba. Nic Svenson na Piers Barnes wa CSIRO, shirika la taifa la utafiti wa sayansi la Australia, walipewa tuzo ya hisabati ya Ig Nobel, ile ya tafiti zinazochekesha kwanza kisha zikafikirisha, mwaka 2006 kwa kukokotoa jambo hilihili. Kundi likiwa chini ya watu 20, gawanya idadi yao kwa 3 kama mwanga ni mzuri, kwa 2 kama ni hafifu. Jibu ndilo idadi ya picha za kupiga ili upate moja isiyo na aliyefumba. Wakikaribia 50, sahau. Mimi nilikuwa mlangoni kabisa mwa kusahau, kwa hiyo nikaitegesha kamera ijipige yenyewe, picha moja kila sekunde 2, jumla 60.

Kuhesabu "moja, mbili, tatu" hakusaidii. Watu hukaza macho tangu moja, ikifika tatu yamechoka, yanajifunga. Dawa yake: wafumbe wote, wafumbue kwenye tatu, nawe upige mara tu baada ya hapo. Nikawaambia hivyo. Wakafumba. Nikasema tatu. Wakafumbua 42.

"Babu! Babu, fumbua!"

"Naam? Tumeshamaliza?"

Alikuwa amepata usingizi mzuri.

Kufika hapo mtoto mmoja wa mbele alikuwa ameshageukia ukuta. Mikono yangu ilikuwa huru, kamera inajipigia, basi nikachomoa leso na kuipunga huku nimeinua mguu mmoja kama korongo. Sasa, chini ya miguu ya tripodi nilikuwa nimeweka vipande vya ubao, kwa sababu ardhi ilikuwa na unyevu. Chini ya miguu ya ngazi sikuweka kitu. Ngazi haikugharimu kama kamera. Mguu wake mmoja ukazama taratibu, kwa adabu, na mimi nikaondoka kwa kasi, bila adabu. Kiatu cha kulia kikaenda kivyake. Juu yangu nikaisikia kamera: klik.

Jioni nilizikuza picha na kukagua uso mmoja mmoja. Ya 1 hadi ya 30, kila moja ina mfumbaji. Ya 31: macho 86, yote wazi, ya babu yakiwa makubwa kuliko yote. Ila hakuna hata mmoja anayetazama lenzi. Wote wanatazama chini pembeni, vinywa wazi, na juu ya vichwa vya safu ya nyuma kuna kitu cheusi chenye ukungu, kwani shata 1/160 haitoshi kugandisha kiatu kinachoruka.

Nilikesha usiku nikishona picha moja safi yenye vichwa kutoka picha saba, nikaituma. Kwa uchovu nikatuma na ya 31. Asubuhi shangazi akapiga simu.

"Mwanangu, hiyo ya kwanza tumekaa kama tunasubiri hukumu. Tutatundika ya pili. Ila huyo kunguru hapo juu, unaweza kumfuta?"