Msamaha au pingu: utawala mpya ufanye nini na wa jana?

Mwaka 1997, mbele ya Tume ya Ukweli na Maridhiano mjini Cape Town, polisi Jeffrey Benzien alimkalia mtu aliyelala kifudifudi sakafuni, akamvika mfuko kichwani, akaonyesha alivyokuwa akiwabana pumzi watuhumiwa enzi za ubaguzi wa rangi. Aliyemtaka aonyeshe ni Tony Yengeni, ambaye naye aliwahi kuvishwa mfuko huo na sasa alikuwa mbunge. Mwaka 1999 Benzien akapata msamaha. Hashtakiki tena, wala hadaiwi fidia.

Inauma. Lakini Yengeni aliondoka na kitu ambacho mahakama hukitoa kwa nadra: mtesaji akikiri kwa kinywa chake, mchana kweupe. Msamaha ule ulikuwa na bei, na bei ilikuwa kusema yote. Janusz Walus na Clive Derby-Lewis, wauaji wa Chris Hani, kiongozi aliyepambana na ubaguzi wa rangi, waliunyimwa. Kilichoharibu mambo kilikuja baadaye, pale majalada ya walionyimwa au waliokataa kuomba yalipofika kwa waendesha mashtaka, na mengi yakalala kabatini. Mlango wa mahakama ukifungwa, aliyenyamaza ndiye aliyecheza vizuri.

Msamaha wa bure nao tunajua unavyokwenda. Mkataba wa Lomé wa Julai 1999 uliwasamehe waasi wa Sierra Leone na kumpa kiongozi wao, Foday Sankoh, usimamizi wa madini. Mei 2000 watu wake waliwateka mamia ya walinda amani wa Umoja wa Mataifa.

Basi tuwakamate wote? Taratibu. Mara nyingi anayeandika hati ya kukamatwa ni ofisi ileile iliyowasumbua wapinzani jana. Kilichobadilika ni jina kwenye fomu. Mimi huwa naanza kwa kuuliza ni nani hayumo kwenye orodha. Côte d'Ivoire, baada ya vita vya uchaguzi wa 2010, pande zote mbili zilituhumiwa kuua, lakini waliofikishwa The Hague, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, walitoka upande wa rais Laurent Gbagbo, aliyeshindwa. Mwaka 2019 aliachiwa huru.

Mahakama Maalumu ya Sierra Leone ilithubutu zaidi. Machi 2003 ilimkamata Sam Hinga Norman akiwa waziri wa mambo ya ndani, mtu ambaye wengi walimwona shujaa aliyeitetea serikali dhidi ya waasi. Alifariki 2007 kabla ya hukumu. Wengi walikasirika, na nawaelewa, lakini baada ya hapo ilikuwa vigumu kuiita kisasi cha washindi hati ya kumshtaki Charles Taylor, rais wa Liberia aliyewasaidia waasi hao.

Taylor ndiye anayenitatiza hata mimi. Agosti 2003 aliachia urais wa Liberia kwa sababu Nigeria ilimpa hifadhi, na kuondoka kwake kulisaidia kuzima vita. Serikali mpya ya Liberia ikaomba akabidhiwe. Machi 2006 alinaswa Gamboru, mpakani na Cameroon, akijaribu kuvuka kwa gari lenye namba za kibalozi. Mwaka 2012 mahakama hiyo ikamhukumu miaka 50 jela. Wahanga walistahili hukumu ile. Ila rais mwingine aliyezingirwa, akiahidiwa hifadhi ili aondoke bila damu kumwagika, atamkumbuka Taylor kabla ya kufunga mizigo.