Nadharia Kibandani: Ije Lini?

Wanaosema mkalimani hahitaji nadharia wana ushahidi mzito: Nuremberg. Kesi ya vigogo wa Kinazi ilipoanza Novemba 1945, vikosi vitatu vya wakalimani 12 vilipokezana zamu, wakikalimani papo kwa papo, yaani msemaji akiwa bado anaongea, kati ya Kiingereza, Kifaransa, Kirusi na Kijerumani. Nadharia ya kazi hiyo hawakuisoma, maana haikuwapo, na kesi ikafika mwisho. Lakini wenye hoja hii hawapendi kutaja wengi waliojaribiwa wakashindwa. Kuchuja wenye vipaji si kufundisha. Chuo hupokea pia ada za wasio na vipaji vya ajabu, na hao wana haki ya kuelezwa kwa nini wanakwama.

Hapo Daniel Gile, mtafiti wa ukalimani, anafaa. Kwake, mkalimani wa papo kwa papo anagawa nguvu za akili kati ya kusikiliza, kukumbuka na kusema, huku akiyaratibu yote matatu. Tarakimu au jina geni likimwelemea, huenda akalitamka sawasawa kisha akaboronga sentensi inayofuata, nyepesi kabisa. Asiyelijua hili atakesha akikariri msamiati, na msamiati haukuwa tatizo.

Si kila nadharia inatufaa kiasi hicho. Danica Seleskovitch, mwanazuoni wa ukalimani, na wenzake wa Paris walishikilia kwamba mkalimani huachana na maneno akabaki na maana, hivyo tofauti za miundo ya lugha hazina uzito mkubwa. Anayetoka Kiingereza kwenda Kiswahili ana sababu ya kusita. Kiingereza huweza kupanga sifa tatu kabla ya jina. Kiswahili hakikupi kiambishi cha upatanisho mpaka uijue ngeli. Maana unayo, ila mdomo unasubiri, na kumbukumbu ndiyo inayobeba mzigo. Tangu Umoja wa Afrika ukifanye Kiswahili lugha ya kazi mwaka 2022, jambo hili si la darasani tu.

Kwa hiyo nadharia ifundishwe, lakini baada ya mwanafunzi kutoka jasho kibandani (chumba kidogo anamofanyia kazi mkalimani), si muhula mzima kabla hajavaa vipokea sauti. Na mtihani wa kutaja aina za ukalimani na wanazuoni wake ningeufuta (wanaofaulu vizuri mara nyingi ni wenye kukariri). Mwanafunzi apewe rekodi yake mwenyewe, aonyeshe mzigo ulizidi wapi na kosa likaibukia wapi.